Choo Kikoje

Wageni walikuwa wakitoka hata mjini Namanyere kuja kuangalia choo cha baba yangu.

Sifanyi utani. Walikuja na Landrova ya serikali, wakashuka na viatu vyao vilivyopigwa rangi, wakapita uani kwetu bila kutazama ng'ombe wala ghala la ulezi, moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba. Bwana Afya wa kata alitangulia. Akifika mlangoni alinyoosha mkono kama mtu anayefungua duka jipya.

"Ndugu wageni, hiki ndicho choo cha Mzee Felisiani. Kijiji kizima cha Jitihada kimejifunzia hapa. Mzee, waeleze choo chako kikoje."

"Choo kizuri," baba alijibu, kofia mkononi. "Shimo refu. Kina mfuniko. Hakuna nzi."

Wageni walipiga makofi. Walilipigia makofi shimo.

Kilikuwa kizuri kweli, sitakisingizia. Sakafu ya saruji iliyolainishwa kwa mkono, mfuniko wa mbao wenye kishikio, kuta zilizopakwa udongo mweupe, kibuyu cha maji kikining'inia mlangoni. Gaudensi, jirani yetu ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, alikiita Ikulu. "Mzee, leo Ikulu kuna kikao kirefu!" alipaza sauti kutoka kwake, na baba akacheka humo ndani.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini mkulima wa ulezi achimbe choo cha namna ile kabla hata ya kampeni ya vyoo kutufikia. Wala kwa nini kilikaa hatua chache tu kutoka mlango wa chumba chake, wakati wenzake wote walichimba mbali, mwisho wa shamba. Bwana Afya mwenyewe alijua kiko karibu mno na nyumba. Alimsamehe, kwa sababu ya mfuniko.

Mimi ni Luciana, mtoto wake wa pekee aliyebaki. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sekondari nje ya mkoa, nina stashahada yangu, na nyumbani nilifika wakati wa likizo. Mwaka ninaousimulia nilifika mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukikata masikio, nikamkuta baba amejifunga mkanda wa suruali kwa kutoboa tundu jipya, na baada ya hilo jingine, ncha ya mkanda ikimfika karibu mgongoni.

"Shikamoo baba. Umekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Tumbo tu."

Tumbo tu. Nimekua na neno hilo. Nyumbani kwetu kulikuwa na "tumbo la baba" kama kulivyokuwa na upepo: linakuja, linaondoka, linarudi. Likija, baba hakwenda shamba la kijiji. Likiondoka, alilima kama wengine, akanenepa kidogo, tukasahau. Nikiwa darasa la tatu lilikuwepo. Nilipopata kipaimara lilikuwepo. Nilikwenda chuoni nikaliacha, nikarudi nikalikuta.

Asubuhi moja niliingia chooni mara tu baada ya yeye kutoka. Alikuwa amemwaga maji, lakini hakuona vizuri, na macho yangu bado ni mazima. Kwenye saruji ile waliyoipigia makofi kulikuwa na damu. Nyingine nyekundu, nyingine nyeusi kama lami, imechanganyika na utelezi.

Nilimfuata mama kijitoni alipokuwa akifua.

"Mama, baba anatoa damu. Ulijua?"

Hakuinua kichwa. "Suruali zake nafua mimi, Luciana. Ningekosaje kujua?"

"Tangu lini?"

"Usinipigie kelele. Nenda kampigie yeye."

Sikumpigia kelele. Nilimwambia tu avae, tunakwenda zahanati.

Mganga wa zahanati yetu, Bwana Andwele, alikuwa mtu wa Tukuyu, shati lake la serikali limepigwa pasi mpaka limekuwa na makali. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi wa dawa. Nayasema haya mapema ili nisionekane namwonea. Alikuwa na foleni iliyofika barabarani, na aliiheshimu foleni kuliko watu waliokuwa ndani yake.

"Shikamoo mzee. Tatizo?"

"Marahaba, bwana mganga. Tumbo."

"Linauma?"

"Linasokota."

"Choo kikoje?"

Baba akanyoosha mgongo. Nilimwona kwa macho yangu akinyoosha mgongo.

"Choo kizuri sana."

"Hakina tatizo?"

"Hakina. Wageni wamekuja juzi kukiangalia."

Lakini Andwele alikuwa ameshainamia meza, maneno ya mwisho hayakumfikia. "Kizuri," alijisemea. "Amiba hiyo. Vidonge hivi asubuhi na jioni. Anayefuata!"

Kicheko kilinitoka kabla sijajua kinatoka.

"Bwana mganga, umemuuliza nini?"

"Dada, kuna watu nyuma yako."

"Umemuuliza choo kikoje. Amekujibu habari za shimo."

"Shimo gani?"

"La nyuma ya nyumba! Lenye mfuniko!"

Foleni ikaangua kicheko. Gaudensi, aliyekuwa amekuja kung'olewa jino, akadakia huku ameshika shavu: "Ikulu hiyo, bwana mganga. Wewe hujaalikwa?"

"Kila akija unamuuliza hivyohivyo?" nikaendelea.

"Mgonjwa wa tumbo lazima umuulize choo. Ndiyo kazi."

"Na kila mara anakuambia kizuri."

"Sasa mtu akisema choo kizuri, mimi nifanyeje? Nimfuate huko huko nikachungulie?" Foleni ilicheka tena, naye akapata nguvu. "Dada yangu, hawa wazee wa Kifipa Kiswahili kinawapita pembeni. Si kosa langu."

Hapo ndipo nilipowaka.

"Kimempita wapi? Neno lina maana mbili, naye amechagua ile mliyomfundisha nyinyi! Kila mwenye shati la serikali anayefika hapa anamuuliza choo chako kikoje, akijibu kizuri anapigiwa makofi. Wewe hilo ulilovaa ni shati la nani? Ulitaka akujibu nini? Kiswahili kina kinyesi. Kina haja kubwa. Kina kujisaidia. Kina 'unatoa damu?' Maneno mawili, bwana mganga, hata mtoto anayajua. Usikisingizie Kiswahili uvivu wako."

"Unakuja kunifundisha kazi?"

"Nakufundisha kuuliza. Baba, mwambie. Mwambie unatoa nini."

Foleni yote ikatega sikio. Baba alinitazama kana kwamba nimemvua nguo. Akavaa kofia yake humohumo ndani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya, akatoka bila vidonge.

Nilimkuta barabarani, akitembea kwa haraka ambayo mwili wake haukuiweza tena. Upepo ulikuwa unatupiga usoni na mabua ya mahindi yalikuwa yanapiga kelele pande zote mbili.

"Baba, ni damu. Nimeiona."

"Nyamaza, Luciana."

"Mama anaifua kila..."

"Nyamaza! Kuna mambo mtoto wa kike hamuulizi baba yake."

"Basi nani akuulize? Andwele anauliza shimo. Mama anafua. Gaudensi anacheka. Nani amebaki?"

Akakaa kwenye ukingo wa shamba, si kwa kutaka, miguu ilikataa. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Redio inasema kuhara kunatokana na nini?"

Nikakaa kando yake.

"Wewe si mwalimu? Nakuuliza. Kuhara kunatokana na nini?"

"Uchafu."

"Uchafu. Mikono michafu, maji machafu, choo kichafu. Tumekaa kwenye kikundi cha kusikiliza redio tumeimba hivyo. Na Bwana Afya ananisimamisha mbele ya watu kama sanamu ya usafi. Mimi niseme nahara damu? Mimi?" Alinyoosha kidole upande wa nyumbani. "Unafikiri shimo lile nilichimba kwa ajili ya wageni? Nilichimba kwa sababu nilikuwa sifiki vichakani, mwanangu. Nilikuwa naishia njiani. Wakaja wakalisifu. Ningewaambia nini?"

Hasira yangu haikupungua. Ilipata mahali pengine pa kwenda, kwa redio, kwa Bwana Afya, kwa viatu vya wageni, kisha ikamrudia yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu.

"Sawa," nikasema. "Kaa nacho. Kikikuua tutakuzika humohumo chini ya mfuniko, Bwana Afya alete wageni wapige makofi."

Akanikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili na uso ukakunjamana kwa maumivu.

"Mdomo huo," alisema alipoweza, "ni wa mama yangu mzazi. Haya. Lori la Huseni linapita lini?"

Huseni alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akisomba bidhaa za duka letu la ushirika. Alimweka baba mbele, karibu na dereva, nami nikapanda juu ya magunia. Zaidi ya mara moja lori lilisimama kabla ya kijiji cha Mollo ili baba ashuke. Mara ya mwisho Huseni alinigeukia, akasema, "Mdogo wangu Muhidin ni daktari pale hospitali ya mjini. Nitawapeleka kwake mwenyewe. Msikae kwenye foleni."

Daktari Muhidin alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alimwamkia baba, akamkalisha, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Mzee, mimi nina maswali ya adabu mbaya. Nisamehe kabla sijaanza. Ukienda kujisaidia, kinachotoka kina rangi gani?"

Baba akanitazama. Nikatoka. Lakini zahanati na hospitali zetu zote zina mapazia badala ya milango, na mimi nilisimama nyuma ya pazia.

"Damu," nilimsikia baba. "Damu, na utelezi kama wa bamia. Zamani ilikuwa inakuja na kuondoka, siku hizi haiondoki. Na yale yenyewe... daktari, niseme mavi?"

"Sema mavi, mzee. Humu ndani jina lake ni hilo."

"Mavi yamekuwa membamba. Kama kamba. Kama kuna mtu ameyabana njiani."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu ambaye Kiswahili kilimpita pembeni.

Walimpima kutwa nzima. Daktari alimpima kwa kidole, akampima kwa bomba lenye taa, akapeleka kinyesi kwenye hadubini na kukiangalia mwenyewe. Jioni alituita wote wawili, lakini baba akaniomba kwa macho nibaki palepale, nami nikabaki na pazia langu.

"Hakuna mdudu," daktari alisema. "Hakuna amiba, hakuna kichocho."

"Basi nini kinanikata?"

"Mwili wako wenyewe. Sikiliza, mzee. Utumbo mpana kwa ndani una ngozi nyororo, kama ya ndani ya shavu. Kazi yake ni ngumu, inachakaa upesi, kwa hiyo mwili unaibadilisha kila baada ya siku chache. Chembe hai za zamani zinabanduka, mpya zinapanda kutoka chini. Ndivyo ilivyo kwangu na kwa binti yako pale nyuma ya pazia."

Nikaona aibu kidogo. Si sana.

"Sasa, mwili una askari wake ndani ya damu. Adui akiingia, wanakimbilia pale, panavimba, panapata moto, vita vikiisha wanarudi kambini. Kwako hawakurudi. Kwa nini hawakurudi, sisi madaktari hatujui, na atakayekuambia anajua anakudanganya. Wamekaa humo miaka yote hiyo wakiupiga risasi ukuta wa utumbo wako. Ukuta unabomoka, unatoa damu, mwili unajenga. Unabomoka, unajenga."

"Kama nyumba ya udongo masika."

"Kama hiyo. Ila huku hakuna fundi wa nje. Kila chembe inajigawa kuwa mbili, na inanakili maagizo yake yote ili impe mwenzake. Ukinakili mno, kwa haraka, katikati ya moto, utakosea mahali. Kosa moja si kitu. Likaja jingine juu yake, na jingine. Mwishowe ikatokea chembe iliyopoteza agizo la kuacha kujigawa. Ikazaa wenzake, nao hawana agizo hilo. Wamekuwa uvimbe, wamebana njia. Ndiyo maana unaona kamba. Nimeugusa leo asubuhi."

"Unaitwaje?"

"Kansa. Kwenye vitabu tunaandika saratani."

Nilingoja baba aulize kama atakufa. Mtu yeyote angeuliza hivyo.

"Kwa hiyo si uchafu?"

"Nini, mzee?"

"Mdudu wa uchafu. Unasema hayumo. Si uchafu?"

"Ungenawa mikono tangu siku uliyobatizwa mpaka leo, ungeumwa vilevile. Si uchafu."

Nikasikia baba yangu analia. Alikuwa ametajiwa saratani muda huohuo, naye alikuwa analia kwa kufarijika. Nilikiuma kitambaa changu cha kichwa ili nisipige kelele hospitalini. Kama Andwele angekuwa mbele yangu wakati ule, nisingemwachia shati lake likiwa zima.

Kulikuwa na njia moja, daktari alisema: Mbeya, wamkate. Kama uvimbe bado uko ndani ya ukuta wa utumbo, wangeutoa pamoja na utumbo mpana wote, wafungue tundu tumboni, awe anajisaidia kwenye mfuko. Kama umeshavuka ukuta, hapo ni shauri la Mungu.

"Tundu hapa?" baba aligusa tumbo. "Gaudensi atasema nimehamisha Ikulu."

Alikubali. Tulikwenda Mbeya na gari la mizigo. Walimfungua, wakamfunga.

Daktari wa upasuaji alizungumza nami kwenye korido, akikausha mikono. Umevuka ukuta, alisema. Umefika kwenye ini. Angeletwa mapema tungeutoa.

"Mapema lini?"

"Wakati damu inaanza kuzidi. Mtu anayehara damu kwa miaka lazima aangaliwe. Kwani hakuna aliyemuuliza?"

"Waliuliza," nikamjibu. "Walimuuliza sana."

Tulimrudisha Jitihada kwa sababu hakutaka kufia ugenini. Niliandikia shule kwamba sitarudi muhula ule, na kama nafasi yangu itachukuliwa, ichukuliwe. Baba alikaa nje mchana, kwenye kiti cha kamba, blanketi begani, akiota jua. Alikuwa mwepesi, mama aliweza kumnyanyua peke yake. Gaudensi alikuja kila siku akakaa naye, na mara kwa mara alianza mzaha kisha akauacha katikati.

Halafu Landrova ikaja.

Niliiona kwa mbali nikajua. Nilisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, niwageuze pale pale. Baba akaniita.

"Waache waje."

"Baba, hawa..."

"Nimesema waache."

Walishuka: wageni wapya, viatu vilevile. Mwenyekiti wa kijiji. Andwele naye, kwa kuwa siku hiyo mada ilikuwa afya. Aliponiona akajifanya anatazama paa letu. Majirani wakajaa uani, wamezoea, ilikuwa kama sherehe. Bwana Afya aliona blanketi, aliona mikono ya baba iliyobaki mifupa, lakini alikuwa na maneno yake aliyoyakariri na hakuwa na mengine.

"Ndugu wageni, hiki ndicho choo cha Mzee Felisiani. Kijiji kizima cha Jitihada kimejifunzia hapa. Mzee, waeleze wageni choo chako kikoje."

Baba hakuinuka.

"Kipi?"

Bwana Afya akacheka, akawatazama wageni ili nao wacheke. "Mzee wetu! Kwani unavyo vingapi?"

"Viwili. Kuna hicho mnachokiona, na kuna ninachotoa. Hicho mnachokiona ni kizuri. Ninachotoa kina damu."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha.

"Kina damu tangu Luciana huyu hajang'oka meno ya utoto," baba akaendelea. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hata kuku walikuwa wametulia. "Nimekuwa nakwenda kukificha humo ndani. Nikapaka udongo mweupe, nikaweka na mfuniko. Nyinyi mkaja mkapiga makofi."

"Mzee amechoka," mwenyekiti akasema haraka. "Ndugu wageni, twendeni tukaone..."

"Sijachoka. Nakufa. Kaa chini, Leonsi, usinikate." Mwenyekiti, ambaye hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina lake, akakaa. "Daktari amesema si mdudu, si uchafu. Ni utumbo uliobomolewa na kujengwa mpaka ukakosea kujenga. Kama ningesema natoa damu wakati ule, wangeukata. Sikusema. Niliulizwa kila siku, nikajibu shimo. Mwenye damu aseme damu. Asiseme tumbo. Asiseme choo kizuri."

Wageni walikuwa wanatazama viatu vyao. Nilitaka kusema, nilikuwa na maneno ya kuwatosha wote, yamejaa mdomoni mpaka meno yananiuma. Lakini baba hakuwa amenipa zamu.

Gaudensi ndiye aliyesema. Alikuwa amechuchumaa kando ya kiti cha baba, mahali pake pa kila siku.

"Mzee." Akakohoa. "Hiyo damu. Ni ya rangi gani?"

Watu waligeuka, vinywa tayari, kwa sababu Gaudensi akiuliza kitu, kicheko kinafuata. Kisha wakamwona uso. Alikuwa anatazama chini, anachora udongo kwa kidole.

Baba akatoa mkono chini ya blanketi, akanyoosha kidole kuwapita wageni, kumpita Bwana Afya, mpaka kikafika kwenye shati lililopigwa pasi.

"Bwana mganga," alisema. "Gaudensi naye huyu hapa. Muulize vizuri."